Saa Haidanganywi kwa Mlio wa Ekzosi

Ukitoka Nateete ukishuka hadi Busega, upande wa magharibi wa Lubaga, unafika mahali ambapo barabara mbili zinazowatia hamu wapenda mwendo zinakutana. Moja ni Northern Bypass, inayozunguka kaskazini mwa Kampala kwa kilomita 21. Nyingine ni barabara ya kulipia ya Kampala–Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018. Kijana aliyefungiwa turbo katika gereji ya Ndeeba atataka kulijaribu gari lake huko usiku. Mshale unapanda, wenzake wanapiga kelele, na kesho yake fundi anamwagiwa sifa.

Kiufundi, hakuna kilichopimwa. Achilia mbali kwamba ni kosa kisheria na kwamba lori lisilo na taa linaweza kuwa limeegeshwa mbele. Barabara iliyonyooka huuliza swali moja tu: injini ina nguvu kiasi gani? Breki, tairi, shokapu na dereva hawaulizwi kitu. Anayetaka kujua kama pesa zake zimeingia mahali pake anahitaji kona, njia iliyofungwa na saa.

Huo ndio msingi wa mbio dhidi ya saa. Magari hayasukumani wala kupangwa safu moja. Kila dereva huanza peke yake, hupasha gari joto kwa mzunguko mmoja, hukimbia mzunguko wa kupimwa kwa uwezo wake wote, kisha huzunguka taratibu ili breki na injini vipoe. Muda bora wa siku ndio matokeo yake. Kwa kuwa hakuna wa kugombania kona naye, mtu mwenye gari la kazini anaweza kushiriki Jumapili na kulirudisha nyumbani likiwa zima, mradi amevaa kofia ngumu na gari limekaguliwa.

Mtindo huu ulipata umaarufu Japani, hasa katika uwanja wa Tsukuba wenye mzunguko wa mita 2,045, ambako kuzunguka chini ya dakika moja kulikuwa kipimo cha gari lililotengenezwa vizuri. Lakini kushindana na saa si jambo geni kwetu. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yaliachiwa moja baada ya jingine. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyekuwa na Datsun 240Z, alimaliza sare kabisa na Harry Källström wa Uswidi. Maelfu ya kilomita hayakutosha kuwatenganisha. Ikabidi kanuni ya kuamua sare impe Mehta ushindi, wa kwanza kati ya mara tano alizoshinda Safari.

Leo Wakenya wana Kiamburing, shindano la magari kupanda barabara ya lami iliyofungwa kaunti ya Kiambu, kila gari na muda wake. Kwa Uganda, mashindano chini ya shirikisho la vilabu vya michezo ya magari, FMU, kwa kiasi kikubwa hufanyika kwenye udongo na changarawe, na Busiika, kaskazini mwa Kampala, ni miongoni mwa viwanja vinavyojulikana. Udongo hupunguza mshiko wa tairi, lakini hesabu ya kona haibadiliki.

Hesabu yenyewe ni hii. Kasi ya juu kabisa ambayo gari linaweza kuizunguka nayo kona hutegemea mshiko wa tairi na upana wa duara ambalo gari linachora. Chukua tairi nzuri ya kawaida kwenye lami kavu. Ukichora duara lenye nusu kipenyo cha mita 30, gari litaanza kuteleza karibu na kilomita 59 kwa saa. Kwenye kona hiyohiyo, ukiingia ukiwa ukingo wa nje, ukagusa ukingo wa ndani katikati na kutoka tena nje, waweza kulipanua duara hadi mita 40. Sasa kikomo kinafika kilomita 68. Umeongeza kilomita 9 kwa saa na hujanunua hata boliti.

Faida hiyo haiishii konani. Gari linalotoka konani na kilomita 63 badala ya 60, likifuatiwa na mnyoosho wa mita 400, litaufikia mwisho wake takriban sehemu moja ya tano ya sekunde mapema, kwa injini ileile. Uwanja wenye kona 10 za namna hiyo unakupa sekunde 2. Ndiyo maana madereva wazoefu husema kona huhesabiwa kwa namna unavyotoka. Anayeingia kwa kishindo hulazimika kusubiri gari litulie kabla ya kukanyaga mafuta, na mnyoosho wote unaofuata analipa deni hilo.

Tuje kwenye breki. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Kupunguza kutoka kilomita 140 hadi 60 kunaipa breki kazi mara mbili na nusu ya kupunguza kutoka 100 hadi 60. Kazi hiyo yote hugeuka joto, na joto huenda kwenye diski, pedi na mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205. Ya DOT 4, chini ya nyuzi 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, na yakishashiba maji viwango hivyo hushuka hadi 140 na 155. Kampala, yenye misimu miwili ya mvua na unyevu mwaka mzima, si mahali pa kuacha mafuta ya breki miaka minne bila kubadilishwa. Yakichemka, mapovu ya mvuke hujaa kwenye mirija, na pedali inazama hadi chini mbele ya kona.

Je, turbo haina maana? Ina maana, tena kwetu kuliko pwani. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, ilhali turbo hurudisha sehemu kubwa ya hewa iliyokosekana. Ndiyo sababu moja ya Subaru zenye turbo kupendwa huku. Lakini kuirudisha hewa hiyo turbo huzunguka kwa kasi zaidi na kupata joto zaidi, kwa hiyo anayeongeza presha bila kushughulikia rejeta na ubora wa petroli anajitafutia injini mpya.

Sasa swali la pesa: utajuaje kifaa ulichofungiwa kimefanya kazi? Hapa wengi hukosea hesabu. Tuseme mizunguko yako mitano inatofautiana kwa sekunde moja na nusu kati ya bora na mbaya. Fundi anakufungia ekzosi anayodai itakupa nusu sekunde. Hata ikikupa, hutaiona, kwa sababu dereva mwenyewe anayumba mara tatu ya kiasi hicho. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya dereva ni kupata mizunguko inayofanana. Tofauti ikishuka hadi sehemu mbili au tatu za kumi ya sekunde, saa inaanza kusema kitu.

Katika kupima muda, usiitegemee simu kupita kiasi. Simu nyingi hupata mahali zilipo kutoka kwa setilaiti mara moja kwa sekunde. Kwa kilomita 100 kwa saa, gari limekwisha kupita mita 28 kati ya kipimo na kipimo, na programu inakisia katikati yake. Kipokezi cha pembeni kinachopima mara 10 kwa sekunde ni bora zaidi, na kwa anayeanza ni ununuzi wenye maana kuliko ekzosi.

Mpangilio wangu kwa anayetoka Lubaga na gari la kawaida ni huu: mafuta mapya ya breki na pedi nzuri, tairi nne zinazofanana, upepo upimwe zikiwa na joto, mara tu unapotoka uwanjani, shokapu zisizovuja, kisha mafunzo ya njia ya kona. Baada ya hapo badilisha kitu kimoja kwa wakati, kimbia mizunguko mitatu, andika muda, hali ya hewa na upepo wa tairi. Turbo kubwa ije mwisho, na daftari hilo uende nalo gereji. Fundi mzuri atafurahi kulisoma. Anayekasirika kuona tarakimu, mlipe alichokwisha kufanya, kisha tafuta mwingine.