Kigali kwa macho ya msafiri kutoka Nyakalengija

Kwa miaka kadhaa sasa, karibu kila mwananchi wa wilaya ya Kasese aliyebahatika kufika Kigali, mji mkuu wa Rwanda, amerudi na habari moja: mji ni msafi, makelele hakuna, na usiku wa manane mwanamke hutembea peke yake bila hofu. Habari hizo zimepanda hata Nyakalengija, chini ya Milima ya Rwenzori, mahali ambapo barabara ya gari hukoma na njia ya miguu ya kwenda vileleni huanza. Huko ndiko tulikowasikia wakulima wa kahawa wakikata shauri kwamba lau Kasese ingetiwa mikononi mwa jeshi kwa miezi mitatu tu, ingekuwa Kigali ya pili. "Au si kweli, Afande?" tuliulizwa. Kwa kuwa swali lilihusu kazi yetu, na likizo ya siku chache ilikuwapo, tuliona ni vema kwenda kuutazama mji wenyewe kabla ya kutoa jibu.

Safari si ngumu. Kutoka Kasese mjini basi huteremka hadi Kikorongo, huvuka mstari wa Ikweta na daraja la Katunguru, kisha hupanda Bunyaruguru kuelekea Ishaka, Mbarara, Ntungamo na Kabale. Mpaka wa Katuna, ambao upande wa pili huitwa Gatuna, ulifungwa mwishoni mwa Februari 2019 na haukufunguliwa hadi tarehe 31 Januari 2022. Wafanyabiashara wa Kabale hawana haja ya kukumbushwa hasara ya miaka hiyo. Sasa watu hupita. Hapo hapo mpakani msafiri huanza kuonja mambo ya mbele: dereva aliyekuwa akishika mkono wa kushoto huhamia wa kulia, na mizigo hupekuliwa kutafuta mifuko ya plastiki, ambayo Rwanda iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2008. Mama mmoja tuliyesafiri naye alirudishiwa mkate wake ukiwa mtupu, bila mfuko. Aliufunga katika leso yake pasipo kunung'unika, nasi tukafahamu kwamba hakuwa mgeni wa njia ile.

Kutoka mpakani hadi Kigali ni mwendo wa kilomita 80 hivi. Barabara hupita katika bonde la chai la Mulindi, ambako jeshi la R.P.A. lilikuwa na makao yake makuu wakati wa vita vilivyoanza tarehe 1 Oktoba 1990, kisha huzunguka milima mpaka kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, ukawa mji mkuu wakati wa uhuru mwaka 1962, na hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta humo wakazi zaidi ya milioni 1.7. Umejengwa juu ya vilima, hata msafiri akisimama popote huona mtaa mwingine ng'ambo ya bonde.

Sifa tulizozisikia ni za kweli. Tulitoka nje alfajiri tukawakuta kina mama wenye sare wakifagia barabara kuu, vumbi likikusanywa kama unga usiopaswa kumwagika. Mwendesha pikipiki huvaa kizibao chenye namba, humpa abiria kofia ngumu, na hapakii abiria wa pili hata akibembelezwa. Gari husimama kumpisha mwenda kwa miguu. Kwa mtu aliyezoea bodaboda za Kasese, zenye abiria watatu na mbuzi, hayo ni maajabu.

Hata hivyo, siku ya pili tulianza kuhisi kwamba mahali hapa tumewahi kuishi. Baada ya kufikiri tukatambua: ni kambini. Sisi tuliopitia shule ya makadeti tunayajua mawe yaliyopakwa chokaa kandokando ya njia, nyasi zilizokatwa kwa kimo kimoja, na ukimya wa watu wanaojua kwamba ukaguzi waweza kufanyika saa yoyote. Usafi wa kambi ni usafi wa kweli, wala hatuudharau. Umewaokoa askari wengi na kipindupindu. Lakini askari aliapa kwa hiari yake, hulishwa na serikali, na kipindi chake kikiisha huenda nyumbani. Raia hana kwingine kwa kwenda. Nyumbani kwake ndiko huko huko.

Karibu na soko la Kimironko tulimwona msichana mwenye ungo wa maparachichi kichwani. Tulipomwita alitazama huku na huku kwanza, akashusha ungo nyuma ya ukuta, akapokea fedha kana kwamba tunamhonga. Mtu mwenye sare alipochomoza penye kona, msichana alikwisha toweka, na chenji yetu pamoja naye. Kuchuuza mitaani ni kosa katika mji huu, na faini humpata muuzaji na mnunuzi pia. Ni haki kuongeza kwamba wakuu wa mji wamejenga masoko madogo ili wachuuzi wapate pa kukaa. Lakini ungo mmoja wa maparachichi hauwezi kulipia meza, na mwenye ungo huo ndiye anayelipa gharama ya unadhifu tunaousifu sisi wapitaji. Wengi wa namna yake wamepata kuzuiliwa kwenye kituo cha Gikondo, jambo ambalo mashirika ya haki za binadamu yameliandika mara nyingi.

Lugha haikutusumbua, maana Kiswahili kinasikika sana Nyabugogo, na tangu 2017 ni lugha rasmi nchini Rwanda. Kijana aliyetupakia kwenye pikipiki alizungumza nasi kwa furaha juu ya mpira, bei ya petroli na shamba la baba yake. Tulipomwuliza habari za uchaguzi wa Julai 2024, ambao Rais Paul Kagame alitangazwa mshindi kwa asilimia 99.18, alijibu, "Hapa kwetu mambo yote ni mazuri, kaka," kisha akaendesha kimya mpaka mwisho wa safari. Tarakimu hiyo tunamwachia msomaji.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tuliona umuganda. Tangu saa mbili asubuhi hadi saa tano maduka yalifungwa, magari yakatoweka, na watu wakatoka na majembe kuzibua mitaro. Wakimaliza huketi mkutanoni na kiongozi wa mtaa, na asiyeonekana hutozwa faini. Tulivutiwa kuona waziwazi kazi ya asubuhi moja. Lakini umuganda wa lazima ulikuwapo pia katika utawala wa Habyarimana, tangu miaka ya 1970. Tulipokwenda Gisozi, kwenye kaburi la watu zaidi ya 250,000 waliouawa mwaka 1994, tulikaa muda mrefu tukilifikiri jambo hilo. Wauaji wa mwaka ule hawakuwa watu wasio na utaratibu. Amri zilishuka kutoka juu hadi kijijini kwa ngazi zile zile zilizokuwa zikiwaita wananchi kuchimba mitaro, na mauaji yenyewe yaliitwa "kazi". Kwa askari, aliyefundishwa utii kabla ya kufundishwa kulenga shabaha, hakuna mahali pazito kuliko hapo. Twafahamu pia kwa nini waliounusuru mji ule kutoka shimoni hawataki kulegeza kamba.

Sasa jibu kwa wakulima wa Nyakalengija. Kwao pia pana amri kali: hakuna mgeni anayeingia mlimani kabla ya kuandikishwa, kulipa ada na kupewa kiongozi wa njia. Hatujasikia mtu akilalamika, kwa sababu kila mmoja anayajua matope, baridi na ukungu wa huko juu, na mgeni aliyekasirika ana ruhusa ya kusema hivyo kwa sauti kubwa. Jeshi laweza kuifagia Kasese kwa miezi mitatu, tena kwa wiki mbili. Ila wa kwanza kufagiwa watakuwa wake zao wanaouza ndizi na nyanya kando ya barabara ya Fort Portal. Kampala iliwaondoa wachuuzi barabarani Januari 2022, na waliolia hawakuwa matajiri.

Tuliporudi, tulivuka Katuna jioni. Dereva alihamia mkono wa kushoto, honi zikaanza, na muziki wa vibanda vitatu ukatupokea kwa mara moja. Mama mmoja aligonga kioo cha basi akitangaza chapati zake kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mpaka. Tulinunua mbili. Alizitia katika kavera nyeusi, akahesabu chenji yetu polepole, shilingi kwa shilingi, akakaa pale pale kumngoja mteja mwingine.