Koini za zamani: kabla hujatuma hata shilingi moja

Mteja wetu mmoja wa Gatina, Kawangware, alitupigia simu saa moja jioni akitaka tumrudishie pesa. Ni mama wa kibanda cha mboga. Siku hiyo alikuwa ametuma malipo matatu kwa namba moja: 850, halafu 2,500, halafu 6,300. Tulipomuuliza alikuwa ananunua nini, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sikuwa nanunua. Nilikuwa nauza."

Alichokuwa anauza ni koini za zamani. Babake alipofariki aliacha mkebe wa Kimbo, na ndani yake mlikuwa na sarafu tano: moja ya shilingi 40, shilingi mbili za wakati wa mkoloni zenye picha ya simba, senti kumi yenye tundu katikati, na moja ya Marekani ya senti 5, ile ambayo Wamarekani wenyewe huiita nikeli. Mzee alikuwa amepikia wageni Lavington kwa miaka mingi, ng'ambo tu ya barabara kutoka nyumbani.

Mama aliona tangazo Facebook: eti koini ya 40 bob inanunuliwa kwa shilingi milioni 1.2. Akapiga picha, akatuma kwa WhatsApp. Jibu likaja papo hapo: hongera mama, hizi ndizo tunatafuta. Kilichobaki, akaambiwa, ni ada ya usajili tu. Akalipa. Ikafuata pesa ya cheti. Akalipa. Ikafuata bima ya kusafirisha. Hapo alikopa kwa chama.

Malipo mawili ya kwanza yalikuwa yameshatolewa kwa wakala kabla hajatupigia. Lile la tatu tulilikuta bado liko kwenye akaunti ya mpokeaji, tukalizuia. Kwa hivyo pesa ya chama ilirudi, lakini 3,350 zililiwa. Kwa kibanda cha mboga, hiyo ni stoki.

Tungeweza kuishia hapo na kukukumbusha usitume pesa kwa mtu usiyemjua. Lakini huyu mama alituuliza swali ambalo tuliona linastahili jibu: "Kwani hizi koini hazina thamani yoyote?" Zina. Na unaweza kuikadiria wewe mwenyewe, ukiwa umekaa kwako.

Tuanze na ile nikeli

Ilikuwa ya mwaka 1943. Upande mmoja ina kichwa cha Rais Thomas Jefferson, upande wa pili nyumba yake iitwayo Monticello, na juu ya paa la nyumba kuna herufi kubwa P. Hiyo herufi ndiyo ya kuangalia. Nikeli ya kawaida ni asilimia 75 shaba na 25 madini ya nikeli. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nikeli ilihitajika kwa silaha, kwa hivyo kuanzia mwishoni mwa 1942 hadi 1945 Wamarekani walibadilisha mchanganyiko: shaba 56, fedha 35, manganizi 9. Fedha hapa tunamaanisha madini, si pesa. Ili zitambulike, waliweka herufi kubwa ya kiwanda, P, D au S, juu ya paa hilo.

Sasa hesabu. Nikeli ina uzito wa gramu 5. Asilimia 35 yake ni gramu 1.75. Fedha huuzwa kwa wakia ya gramu 31.1. Tuseme wakia moja ni dola 30 (bei hupanda na kushuka, angalia ya siku hiyo): fedha iliyo ndani ya koini hiyo ni kama dola 1.70. Ukibadilisha dola kwa 130, ni shilingi 220 hivi. Si milioni, lakini si bure pia. Nikeli ya 1964 uliyoikuta kwenye mfuko wa jinzi ya mtumba pale Toi Market haina fedha hata kidogo. Hiyo ikiwa imechakaa ni senti 5 za dola, basi.

Mbona basi tunasikia za mamilioni? Ni kweli zipo. Nikeli za mwaka 1913 zenye kichwa cha Liberty zinazojulikana duniani ni 5 tu. Moja yao ilikaa kabatini kwa miaka mingi kwa sababu mwenyewe alipofariki, familia iliambiwa ni bandia. Mwaka 2003 wataalamu wakailinganisha na zile nne nyingine wakathibitisha ni halisi, na mwaka 2013 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 3. Kumbuka lakini: ilibebwa ikawekwa mezani mbele ya wataalamu. Hakuna aliyeithibitisha kwa picha ya WhatsApp ndani ya dakika moja.

Za simba, yenye tundu, na ile ya 40

Shilingi za Afrika Mashariki zina simba na milima. Ya kwanza ya mama ilikuwa ya 1924, ya pili ya 1952. Kwa macho zinafanana, ila si ndugu. Shilingi zilizotengenezwa kati ya 1921 na 1946 zina robo ya fedha. Uzito wake ni karibu gramu 7.8, kwa hivyo fedha ni gramu 1.9 na ushei, zaidi kidogo ya ile nikeli ya vita. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli tupu. Kwa hivyo ya 1924 ina fedha ya kama shilingi 240 kwa bei yetu ya mfano, na ya 1952 haina.

Ile senti kumi yenye tundu ilikuwa ya 1936, na ina jina la Mfalme Edward VIII, aliyeachia kiti cha ufalme mwaka huohuo kabla hajatawazwa rasmi. Ukisikia hivyo unadhani umeomoka. Pole. Zilitengenezwa kwa mamilioni na hadi leo hupatikana kwa bei ndogo. Uzee peke yake hauleti bei. Kinacholeta bei ni uchache, hali ya koini, na kama kuna mtu anaitafuta.

Na 40 bob? Ilitolewa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, ikiwa na picha ya Rais Kibaki. Watu wengi hufikiri kwamba koini zenye sura za marais ziligeuka hazina tangu sarafu mpya za wanyama zitoke Desemba 2018. La hasha. Katiba ya 2010 ndiyo iliyosema sarafu zisiwe na sura ya mtu yeyote, na zile za zamani ziliachwa ziendelee kutumika. Wakusanyaji wa nje hununua ya 40 kwa dola chache ikiwa safi kama mpya. Ikiwa imechakaa, ni 40 bob.

Mzee wa Makina

Wiki hiyo tulikuwa Kibera kwa mafunzo ya mawakala, tukasimulia kisa hiki bila jina. Mzee mmoja Mnubi wa Makina akacheka, akaenda nyumbani, akarudi na kitambaa. Wanubi wa Kibera ni wajukuu wa askari wa King's African Rifles, kwa hivyo si ajabu mishahara ya zamani kubaki masandukuni. Alikuwa na shilingi za simba kama kumi, zikimetameta. Wajukuu walikuwa wamezisugua kwa stilwuli na limau wakidhani wanamsaidia. Tulisikitika naye. Mkusanyaji hupenda rangi ya uzee. Koini iliyosuguliwa hupoteza sehemu kubwa ya bei yake, na hakuna njia ya kuirudisha. Vumbi likizidi, maji safi na kitambaa laini vinatosha.

Moja haikuguswa: rupia ya 1888 ya kampuni ya Imperial British East Africa, yenye jina la Mombasa. Hiyo ni ya kutulia nayo. Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa kitu cha kale, na kukipeleka nje kunahitaji kibali. Mtu akikwambia "iweke tu kwa bahasha utume Dubai", anakutafutia makosa.

Ukipata mnunuzi

Mnunuzi wa kweli atakuuliza mwaka, herufi ya kiwanda na uzito. Piga picha pande zote mbili kwenye mwanga wa mchana, na upime kwa mizani ya sonara. Uliza bei kwa zaidi ya mtu mmoja, na uangalie koini kama hiyo iliuzwa kwa ngapi mnadani, si mtu anaomba ngapi.

Wewe ndiye muuzaji, kwa hivyo pesa inakuja kwako. Ada ya usajili, cheti, kodi ya kufungua malipo: yote ni jina moja. Kutaneni mahali pa watu, kwa wakala kwa mfano. Meseji ikiingia usiiamini peke yake, angalia salio lako kwanza ndipo utoe koini. Kupokea pesa hakuhitaji PIN yako. Na ukishagundua umetapeliwa, usingoje kesho kwa sababu ya aibu. Tupigie hapohapo, halafu nenda polisi uchukue namba ya OB. Huyu mama angengoja asubuhi, zile 6,300 pia zingekuwa zimeenda.

Shilingi yake ya 1924 aliiuza baadaye kwa 400, akalipwa kwa simu akiwa amesimama kwa wakala. Nikeli ameiweka. Ile ya 40 alimpa makanga wa 46 kama nauli. Makanga akaigeuza mara mbili, akauliza hii ni ya nchi gani.