Pangoni, Mwendo Uwe wa Mgeni

Kundi la vijana wa Makupa likitaka kutoka kisiwani wikendi moja, mapango hayako mbali. Ukivuka feri ya Likoni na kushika njia ya kusini, utafika Shimoni na Fikirini, katika Kwale. Upande wa kaskazini, kwenye vilima vya Dzitsoni huko Kilifi, iko Panga ya Saidi. Shimoni imekaa juu ya jiwe la matumbawe, kama kisiwa cha Mombasa chenyewe, ambako Wareno walianza kuisimamisha Fort Jesus mwaka 1593. Maji ya mvua hunyonya hewa ukaa angani na udongoni, yakawa makali kidogo, na kwa maelfu ya miaka yakaula mwamba huo: huku ukumbi, kule upenyo wa kutambaa kwa tumbo. Katika kundi kama hilo, kwa kawaida watu wawili watatu ndio waliozoea, waliobaki ni wanagenzi, na mipango huachiwa wazoefu. Hapo ndipo nisipokubaliana na mazoea. Uteuzi wa pango, mwendo na saa ya kutoka, vyote vipimwe kwa yule ambaye hajawahi kuingia.

Mwanagenzi huona haya. Tochi yake ikififia au pumzi ikimbana, hunyamaza asije akaonekana mwoga, na gizani hakuna wa kumsoma uso. Kwa hiyo ni lazima mpango umsemee: mzoefu mmoja mbele, mwingine nyuma kabisa, wageni katikati. Kila mtu awe na taa tatu, ya kwanza ikiwa ya kichwani (ya simu isihesabiwe). Kofia ya mjengo iliyofungwa kidevuni yafaa kuliko helmeti ya bodaboda inayoziba masikio. Watu wasipungue wanne, ili mmoja akiumia, mwingine abaki naye na wawili wakatafute msaada. Na huko nyumbani abaki mtu anayejua wameingia pango gani, na ikifika saa ngapi bila simu yao aanze kuwatafuta.

Wapo watakaosema huku ni kukuza mambo, kwamba Shimoni huingia watalii na watoto wa shule. Kweli, na ndiyo sababu inafaa kwa mara ya kwanza. Lakini hatari ya pango haipimwi kwa urefu wake. Mwaka 2009, popo aliyepatikana amekufa katika pango la Shimoni alikutwa na kirusi kipya cha jamii moja na kile cha kichaa cha mbwa. Huko Mlima Elgon, mwaka 1987, mvulana wa miaka 15 aliugua homa ya virusi vya Marburg na kufariki baada ya kuzuru pango la Kitum. Wengi huingia na kutoka salama. Hata hivyo popo hashikwi, chakula hakiliwi ndani, na mikono huoshwa mara tu mtu atokapo. Mgeni hayajui haya mpaka aambiwe. Mzoefu anayajua, ila akishaponea mara nyingi huanza kuyapuuza.

Uzoefu wenyewe si kinga. Wavulana 12 na kocha wao walionaswa katika pango la Tham Luang, Thailand, Juni 2018, hawakuwa wageni humo. Mvua iliyonyesha nje ilifurika ndani, wakakaa zaidi ya wiki mbili, na mpiga mbizi mmoja akafa katika kuwaokoa. Kwetu pwani kuna masika, na kwa mapango yaliyo ukingoni mwa bahari kuna bamvua; mtu aulize habari za maji kabla ya kuuliza nauli.

Pingamizi la mwisho ni la mfuko: ya nini kumlipa mwenyeji ilhali tunaye mtu wetu? Shimoni ni kijiji chenyewe kinacholitunza pango, na wenyeji hulikumbuka kama mahali walipofungiwa watumwa, si pa kupiga makelele. Panga ya Saidi ndimo ulimochimbuliwa mwili wa mtoto aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita, habari iliyotangazwa mwaka 2021, na Wamijikenda bado hufanya matambiko humo. Mwenyeji hujua pasipokanyagwa. Kundi lenye wanagenzi ningelipeleka Shimoni kwanza. Panga ya Saidi ningeiacha kwa siku ya kutazama na kusikiliza, si ya kutambaa.