Karani Afundishwe, Tena Asikilizwe

Msimu wa kununua pamba unapofunguliwa mwezi wa Mei, katika vituo vya vyama vya msingi kutoka Kishapu hata Nyang'hwale huonekana jambo moja. Wakulima wamepanga mstari na marobota yao, mizani inaning'inia, na chini yake amesimama karani mwenye kalamu na kitabu cha stakabadhi. Karani huyo ndiye apimaye, na mara nyingi ndiye aandikaye. Na katika vyama vingi vidogo jioni ikiingia ni yeye yule afungaye kasha la fedha na kwenda na ufunguo nyumbani kwake.

Hatusemi kwamba karani huyo ni mwizi. Walio wengi si wezi. Twasema tu kwamba mtu mmoja amepewa kazi za watu watatu, na siku atakapokosea hapana wa kumwona.

Wataalamu wa mabenki wana jina la jambo hili: huliita vihatarishi vya uendeshaji. Maana yake ni hasara inayotokana na utaratibu mbovu wa kazi, au makosa ya watu, au mitambo kuharibika, au balaa litokalo nje kama vile mafuriko na wizi. Hasara ya mkopo usiolipwa ni jambo jingine. Hapa twazungumza juu ya sifuri iliyoongezwa, stakabadhi iliyopotea, na fedha ya simu iliyotumwa kwa namba isiyo yake. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa mabenki mwaka 2010, na humo vihatarishi vya namna hii vina sehemu yake. Kwa sababu hiyo watumishi wa mabenki hupelekwa mafunzoni mara kwa mara, na ni vyema. Lakini fedha ya Msukuma haianzii benki. Huanzia chini ya ile mizani.

Wazee wa Shinyanga wanalijua jambo hili kuliko vitabu. Ushirika wa pamba wa kanda hii ulizaliwa kutokana na uchungu wa mizani. Wakulima walichoka kupunjwa na wanunuzi, nao chini ya uongozi wa Paul Bomani wakajiunga pamoja, na mwaka 1955 likasimama Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Kabla ya Uhuru wa 1961 pamba ya kanda karibu yote ilikuwa ikipita mikononi mwao. Ni kazi ya kujivunia. Ila chama kilikua upesi kuliko makarani wake. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, na miongoni mwa kasoro ilizoziona ni upungufu wa watumishi wenye ujuzi. Miaka kumi baadaye, 1976, vyama vikuu vikavunjwa. Vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Hatudai kwamba makarani ndio waliovivunja, kwani siasa ilikuwa na sehemu kubwa. Lakini chama ambacho wanachama wake hawaamini vitabu vyake hakina wa kukitetea siku ya kuvunjwa. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Tangu msimu wa 2018 pamba inanunuliwa tena kupitia vyama vya msingi, na makampuni hupeleka fedha huko ili wakulima walipwe. Tufanye hesabu nyepesi. Tuseme mizani imelegea, ikapunguza kilo moja katika kila robota la kilo hamsini, na kwa siku yakapimwa marobota mia nne. Hizo ni kilo mia nne. Na kilo moja ikiwa shilingi 1,000, shilingi 400,000 zimetoweka tangu asubuhi hata magharibi, wala hapana aliyeiba. Wakala wa Vipimo hukagua mizani na kuitia alama, lakini hawezi kukaa kituoni msimu mzima. Atakayegundua ni karani, kama amefundishwa kujaribu mizani kila asubuhi kwa jiwe la uzito unaojulikana.

Upande wa Geita mambo ni hayo hayo, ila kilo zimegeuka gramu. Soko la madini la Geita lilifunguliwa mwezi Machi 2019, na mengine yakafuata, Kahama ikiwamo. Zamani mchimbaji mdogo aliuza dhahabu yake gizani kwa bei ya kuambiwa. Sasa hupimiwa mbele ya maofisa, usafi wa dhahabu hujulikana, mrabaha hukatwa, naye hupewa karatasi yake. Tena tangu Oktoba 1, 2024 wafanyabiashara wa dhahabu wametakiwa kutenga si chini ya asilimia 20 kwa ajili ya Benki Kuu, na hivyo kosa la mezani Geita laweza kufika mpaka katika hazina ya taifa. Kosa la sehemu ya kumi ya gramu halionekani kwa jicho, ila likirudiwa mara mia ni gramu kumi nzima.

Sasa twafika kwenye kiini cha maneno yetu. Mafunzo yaweza kutolewa, vyeti vikagawanywa na picha zikapigwa, na bado yasifae kitu. Sababu ni desturi moja iliyozoeleka: fedha zikipungua jioni, karani hulipa kutoka mfukoni mwake, tena huonywa. Ni haki akiwa ameiba. Lakini akiwa amekosea kuhesabu? Mtu wa mshahara mdogo akijua kwamba kusema upungufu wa shilingi elfu hamsini ni kupoteza posho ya mwezi, hatasema. Ataufunika kwa stakabadhi ya kesho, na ya kesho ataifunika kwa ya kesho kutwa, mpaka elfu hamsini iwe milioni tano. Hapo ndipo mtu asiyekuwa mwizi anapogeuka kuwa mwizi.

Msomaji asidhani haya ni ya vijijini tu. Benki ya Barings ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1762. Huko Singapore ilimwachia kijana mmoja, Nick Leeson, kufanya biashara na wakati huo huo kusimamia ofisi iliyoandika vitabu vya biashara ile ile. Kwa maelezo yake mwenyewe, hesabu ya siri aliyoitumia ilianza kwa kuficha kosa dogo la karani aliye chini yake, kiasi cha pauni 20,000. Kufikia Februari 1995 hasara ilikuwa pauni milioni 827, na benki ya miaka mia mbili na zaidi ikauzwa kwa pauni moja.

Mahali pa kufundishia papo. Kizumbi, karibu na mji wa Shinyanga, kuna taasisi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Na Mwanza kuna chuo cha Benki Kuu. Tungependa kuona karani wa mizani wa Bukombe na keshia wa chama cha kuweka na kukopa wa Katoro wakiketi darasani humo, na si wakuu wao peke yao. Wafundishwe kulinganisha daftari na kasha kila jioni. Wafundishwe kuandika kosa siku ile ile. Na wafuatwe darasani na wajumbe wa bodi, kwani bodi isiyojua kusoma daftari haiwezi kujua lini iogope.

Tutaambiwa kwamba chama kidogo hakina fedha za kuajiri makarani wawili. Twakubali. Lakini mjumbe mmoja wa kamati aweza kushika ufunguo wa pili bila mshahara, na karani wa kijiji jirani aweza kuja siku mbili kwa mwezi kuhesabu kasha lisilo lake. Karani naye apewe likizo yake, aende kweli, na mwenzake ashike kitabu hicho. Mabenki hufanya hivyo kwa makusudi, kwa maana kilichofichwa hujitokeza mwenyewe hayupo.

Gharama yake ni nauli ya baiskeli. Na ile kanuni ya kulipa upungufu yaweza kubadilishwa katika mkutano mkuu wa wanachama kabla ya Mei: atakayesema kosa lake siku ile ile asikatwe, atakayelificha ashitakiwe. Wanachama ndio wenye mkutano huo.