Mali Inayopotea Bomani



Mwaka 2022 bei ya mbolea ya dukani ilipanda sana, hata Serikali ikaanza kutoa ruzuku ili wakulima tuweze kununua. Lakini wengi wetu hapa Tanga tunafuga ng'ombe. Tuna mbolea ambayo hatukuinunua, nayo inapotea. Leo tuone inapotea vipi, kwetu na kwa wenzetu wa nchi nyingine.

NAITROJENI NI NINI?

Mara nyingi mahindi yanapodumaa na majani ya chini kugeuka manjano, yamekosa naitrojeni. Hicho ndicho chakula kilichomo katika mbolea ya urea. Mfuko 1 wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni.

Ng'ombe naye huipata naitrojeni katika majani anayokula. Sehemu ndogo hubaki mwilini au hutoka katika maziwa. Sehemu kubwa hutoka katika kinyesi na mkojo. Kwa makadirio ya kimataifa, ng'ombe 1 wa Afrika asiyekamwa hutoa kiasi cha kilo 40 za naitrojeni kwa mwaka. Basi mwenye ng'ombe 5 anapata kilo 200. Hiyo ni karibu sawa na mifuko 9 ya urea.

INAPOTEA KWA NJIA GANI?

Kuna njia tatu.

Njia ya kwanza ni hewa. Ile harufu kali inayochoma pua bomani ni amonia, yaani naitrojeni inayoruka. Mkojo una urea kama ile ya dukani. Ukimwagika juu ya ardhi, huanza kugeuka amonia katika siku 1 au 2.

Njia ya pili ni maji. Mvua za masika huishusha naitrojeni chini kabisa, mahali ambapo mizizi haifiki. Nyingine huchukuliwa na maji mpaka mtoni.

Njia ya tatu ni gesi isiyo na harufu, inayoitwa nitrasi oksaidi. Vijidudu vya udongoni ndivyo vinavyoitengeneza. Ni kidogo, lakini huongeza joto la dunia. Kilo 1 yake ina nguvu kuliko kilo 250 za hewa ukaa.

Hesabu ya kimataifa ya mwaka 2019 inasema hivi: katika kila kilo 100 za naitrojeni zinazoangushwa na mifugo malishoni, kilo 21 huruka hewani kwa njia ya kwanza. Penye mvua nyingi, kilo 24 nyingine hushuka na maji. Ile gesi ya tatu haifiki hata kilo 1.

UHOLANZI: SAMADI IMEZIDI

Katika miaka ya 1980 Uholanzi ilisaidia mradi wa ng'ombe wa maziwa kwa wafugaji wadogo wa Tanga. Nchi hiyo haifiki mara 2 ya Mkoa wetu kwa ukubwa, lakini ina ng'ombe karibu milioni 4, mbali na nguruwe na kuku. Chakula kingi cha mifugo huletwa kwa meli. Kwa hiyo samadi imezidi ardhi. Amonia huangukia misituni na kuharibu mimea ya asili.

Mwaka 1991 nchi za Ulaya ziliweka mpaka wa kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta 1 kwa mwaka. Kwa kawaida mfugaji wa Uholanzi lazima aingize samadi ya majimaji udongoni. Haruhusiwi kuimwaga juu tu. Mwaka 2019 wakulima waliandamana na matrekta mpaka mji wa The Hague kwa sababu ya mambo haya ya naitrojeni.

KENYA: MALISHONI KIDOGO, BOMANI NYINGI

Wataalamu wa mifugo walipima kinyesi na mkojo katika malisho ya Kenya. Ile gesi ya tatu ilikuwa ndogo sana kuliko ilivyodhaniwa. Ng'ombe wanaokula majani makavu hutoa naitrojeni kidogo.

Lakini walipopima maboma, mambo yalikuwa mengine. Taarifa ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba hata boma lililoachwa miaka 40 bado hutoa gesi hiyo, mara 10 hivi kuliko ardhi ya kawaida.

Sababu yake tunaijua. Ng'ombe hula mchana kutwa mahali pengi, usiku hulala mahali pamoja. Naitrojeni ya malisho yote hukusanyika hapo, ikaachwa. Mambo ni hayo hayo Handeni, Kilindi na Mkinga. Mholanzi ana samadi nyingi kuliko shamba lake. Sisi shamba lina njaa, na samadi imelala bomani.

TUFANYE NINI?

1. Tutandike nyasi kavu au mabua bomani. Yatanyonya mkojo.

2. Tuweke lundo la samadi kivulini, mbali na kisima. Tulifunike kwa makuti au majani ya migomba ili jua na mvua visilipige.

3. Tupeleke samadi shambani karibu na kupanda, na tuifukie siku hiyo hiyo. Ikiachwa juu, inaruka.

4. Anayetumia boma la miiba alihamishe mara kwa mara juu ya ardhi ya kulima. Boma la zamani tupande mahindi.

5. Wakulima na wafugaji tupatane. Baada ya mavuno, ng'ombe walale katika shamba la mkulima kwa siku walizokubaliana, mbele ya viongozi wa kijiji. Mfugaji apate mabua, mkulima apate samadi. Mapatano hayo ni bora kuliko ugomvi.

Hatuwezi kuzuia yote isipotee. Lakini inayobaki ni chakula cha watoto wetu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kijijini kwetu samadi inakwenda wapi?

2. Kikundi chetu kina ng'ombe wangapi? Zidisha kwa kilo 40, kisha gawanya kwa 23. Ni mifuko mingapi ya urea?

3. Nani ataanza kufunika lundo lake wiki hii?