Kushuka Kibo Nako Kuna Elimu Yake

Ikiwa wewe ni mzaliwa wa Pemba, basi umekulia katika kisiwa ambacho kilima chake kirefu kuliko vyote hakifikii hata mita 150. Vilima tunavyo, tena vingi, na mabonde ya mpunga kati yake. Lakini mlima hatuna. Ndiyo maana kijana wa Wete au Chake Chake anapojiandikisha pamoja na wenzake wa kazini kwenda kupanda Kilimanjaro wakati wa sherehe za Uhuru, jamaa zake wote humwuliza kama atafika kileleni. Ni nadra kumsikia mzee akimwuliza atashukaje.

Mchuma karafuu angemwuliza. Yeye hupanda asubuhi akiwa na nguvu zake, na hushuka akiwa amechoka, pakacha limejaa, huku unyayo ukitafuta tawi ambalo macho hayalioni.

Kilele cha Uhuru kipo mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Ndiko Luteni Alexander Nyirenda alikopandisha bendera na Mwenge nchi ya Tanganyika ilipojitawala, tarehe 9 Desemba 1961. Kwa njia ya Marangu, wapandaji huondoka kituo cha Kibo, chenye kimo cha takriban mita 4,700, karibu na saa sita za usiku. Usiku changarawe na vumbi la volkano huwa vimeganda kwa baridi, na mguu hupata pa kukanyaga. Jua likishachomoza, mteremko uleule hulegea na kuwa kama lundo la mtama. Walipopanda kwa saa tano au sita, wengine hushuka kwa muda usiozidi saa mbili, nusu wakitembea na nusu wakiteleza.

Kuteleza huko ni ndugu wa mchezo wa Ulaya wa kushuka milima ya theluji kwa mbao ndefu ziitwazo skii. Mchezo wenyewe si mgeni Kilimanjaro: mwaka 1912 Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walizitumia mbao hizo juu ya Kibo. Barafu ya wakati huo haipo tena. Kati ya mwaka 1912 na 2011 ilipungua kwa takriban asilimia 85. Wala pwani yetu haikukosa mtu wake. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, aliiwakilisha Kenya katika mchezo huo kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2018 huko Korea Kusini.

KOSA LA KUEGEMEA NYUMA

Walimu wa skii na waongozaji wa Kilimanjaro hupambana na kosa moja. Mtu aonapo bonde chini yake huogopa, akaegemea nyuma. Hapo uzito huondoka miguuni, nyayo hukimbia mbele, na mwili hufuata kwa makalio. Inatakiwa kiwiliwili kisimame wima, kikiinama mbele kidogo, magoti yalegee, kisigino kizamishwe katika changarawe kwa hatua fupi. Tena usishuke moja kwa moja kama jiwe. Kata mteremko kwa upande, geuka, kata tena, kama jahazi linalokwenda joshi. Na usipite chini ya mwenzako, kwani kila hatua yake huangusha mawe.

Mgeni kabisa huogopa, na woga humlinda. Wa kuangaliwa zaidi, kwa maoni yangu, ni yule mwenye safari moja au mbili, ambaye ujasiri wake umeutangulia ujuzi wake. Huyo ndiye akimbiaye mteremkoni ili apigwe picha.

HEWA NDOGO

Kileleni, hewa ya kupumua ni karibu nusu tu ya ile ya ufukweni kwetu. Kuanzia mita 2,500 mtu aweza kuumwa kichwa, kutapika na kukosa usingizi. Akiona hivyo asipande zaidi mpaka apone. Akianza kuyumba, kuropoka, au kukohoa na kuhema hata akiwa amekaa, basi maji yanaingia mapafuni au ubongo unavimba; ashushwe saa ileile, hata kama ni usiku wa manane, na asiachwe peke yake. Mpe jaribio rahisi: atembee mstari ulionyooka, kisigino mbele ya vidole. Akishindwa, hakuna mjadala. Misuli haimkingi mtu. Mchezaji hodari wa kandanda aweza kuanguka, na mama wa miaka 60 aendaye polepole akapita salama. Kwa hiyo, panapowezekana, lipieni siku moja zaidi ya kupumzika Horombo.

Jambo moja linatuhusu sana sisi watu wa mwambao. Ugonjwa wa selimundu, au siko seli kama wengi wanavyouita, umeenea kwetu. Aliye nao haifai apande mlima huu, maana upungufu wa hewa huamsha maumivu makali na hata kuhatarisha maisha. Aliyeurithi kwa mzazi mmoja tu, na ambaye haumwi, amwone daktari kabla ya kulipa nauli.

Mazoezi yanawezekana hapa hapa. Mteremko wa Mkoani hadi bandarini watosha kuzoeza magoti, hasa ukiushuka na mzigo mgongoni. Na siku moja kabla ya kuanza kupanda, kata kucha za miguu ziwe fupi. Kabla ya kushuka, kaza kamba za buti kwenye kifundo, ili vidole visigonge mbele njia nzima hadi Horombo.