Mwanafunzi akionyesha vidole viwili, mwalimu anaruhusiwa kumchapa?

Tunduma, mpakani mwa Zambia, siasa ni moto: jimbo lilikuwa la Chadema 2015, likaenda CCM 2020. Watoto nao hubeba ushabiki wa nyumbani hadi shuleni.

Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni. Kanuni za 2002 zinaruhusu viboko kwa kosa kubwa la nidhamu tu: visizidi vinne, mchapaji awe mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kitabuni.

Hakuna kinachosema chama ni kosa. Mwanao akicharazwa kisa siasa, ona afisa elimu au piga 116, ni bure.